Mchi wa Kwenda Gulwe

Jumamosi aliyoamua kumfuata mumewe, Mwamvua aliazima kitenge cha jirani yake Jenifa, akajifunika hadi mashavuni kama mtu mwenye jino bovu. Athuman alikuwa amefunga mapema duka lake la vipuri vya pikipiki, kama kila Jumamosi. Alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akabeba mfuko mweusi, akasema "Narudi," akatoka. Mwanamume wa makamo anayeoga mchana na kuondoka na mfuko asiosema una nini, watu wa Majengo wana maelezo yake tayari, na Jenifa alikuwa amekwisha kuyatoa yote.

"Mimi simsemi mume wa mtu," Jenifa alisema, kisha akamsema kutwa.

Mwamvua alipanda bajaji, akamfuata hadi Kizota, nyuma ya maghala, kwenye jengo refu ambalo zamani lilikuwa stoo ya zabibu. Alinyata hadi dirishani, maneno yameshapangwa mdomoni. Ndani aliona watu wazima kama wanane, wengine na vipara vyao, wameizunguka meza kubwa kuliko vitanda vyote vya nyumbani kwake vikiunganishwa. Juu ya meza kulikuwa na reli, vilima, stesheni zenye mapaa mekundu, na treni iliyoweza kulala kwenye mkono wa mtu, inakata kona taratibu na taa yake imewaka. Na katikati ya watu wale alikuwa Athuman, anazungumza. Anacheka, ananyoosha kidole, anambishia mtu, anaiga mlio wa honi hadi mishipa ya shingo inamtoka.

Inabidi Athuman aelezwe. Alikuwa mume mwema, na hilo Mwamvua mwenyewe alilitangaza hata asipoulizwa. Hakunywa, hakupiga, hakulala nje. Ila hakuzungumza. Walipokuwa vijana kule Kondoa alikuwa na maneno ya kutosha kumposa, na inaonekana yaliishia hapohapo. Watoto walipokuwapo nyumba ilijaa kelele zao. Walipoondoka, Khalidi kazini Mwanza na mdogo wake kwa mumewe, ukimya wa baba yao ulitandaa vyumba vyote. Jioni angesema chumvi imezidi au haikuzidi. Akichangamka sana angeongezea habari za mvua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwamvua aliungoja huo mshindo miaka nenda miaka rudi, na haukuja.

Basi pale dirishani moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuitarajia. Angekuta mwanamke, angejua la kufanya. Alichokuta ni maneno ya mumewe, mengi, mazuri, yenye kicheko, wanayopewa watu wengine. Alivua kitenge cha Jenifa, akakikunja, akaenda kugonga mlango.

"Karibu, mama," alisema mzee aliyefungua. Alikuwa Mwalimu Henry, mwenyekiti wa klabu, aliyefundisha fizikia Kongwa hadi akastaafu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kwenye treni."

Athuman alimwona, akafunga mdomo katikati ya honi. Waliporudi nyumbani alisema chumvi haikuzidi.

Mwamvua akawa anakwenda naye. Mwanzoni wanachama walidhani amekuja kuwapikia chai, wakamwonyesha jiko na birika. Aliwapikia siku moja kwa heshima ya ugeni; Jumamosi ya pili alilipita jiko kama halioni, akaketi kwenye benchi la wageni ukutani. Lakini benchini napo hapakumfaa. Waliozungumza walikuwa madereva, na madereva walisimama mezani, kila mmoja na rimoti yake, wakitembea sambamba na treni zao. Mgeni alisikia nusu ya neno na migongo ya watu. Athuman alipokuwa kule mwisho wa meza, Mwamvua aliona mabega yake tu yakicheka. Hapo ndipo alipotaka kuwa dereva. Hakujali treni hata kidogo, walau mwanzoni. Alitaka kusimama pale mumewe anapozungumza, aambiwe yeye.

Aliyemfundisha alikuwa Geofrey, kijana wa kompyuta katika ofisi za Bunge, aliyehamia Dodoma na wizara zilipohamia na kujikuta hana pa kwenda wikendi. Geofrey alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kuwaeleza wakubwa namna ya kuwasha mashine.

Meza ile ilikuwa nchi nzima. Upande wa mlango ilikuwepo Dodoma, katikati Igandu, mwisho kabisa Gulwe. Mizabibu ya Makutupora ilitengenezwa kwa waya na sponji la kijani. Soko la mahindi la Kibaigwa nalo lilikaa kando ya reli, ingawa Kibaigwa ya kweli ina malori tu na haijawahi kuona treni. Aliyelijenga alikuwa dalali wa mahindi, na dalali wa mahindi habishiwi.

"Zamani umeme wenyewe ndio ulikuwa dereva," Geofrey alieleza. "Ukizidisha umeme kwenye reli, treni inakimbia. Ukikata, inasimama. Sasa ukiweka treni mbili reli moja, zote zinakimbia pamoja. Ndiyo maana meza ilikatwa vipande, kila kipande na swichi yake. Zile swichi zote alizichomelea Mzee Athuman kwa mkono."

"Hajawahi kuniambia."

"Basi ndiyo hivyo, mama. Siku hizi umeme umejaa reli zote muda wote, kama maji kwenye bomba. Kila kichwa cha treni kina kidude ndani yake, kidogo kama laini ya simu, chenye namba. Ukitaka kichwa namba ishirini na nne, unabonyeza ishirini na nne kwenye rimoti. Amri inapita kwenye reli, vichwa vyote vinaisikia, ila anayeitika ni mwenye namba. Kama simu tu. Ukimpigia mumeo haiiti kwa jirani."

"Na kichwa kipya kinapata wapi namba?"

"Karibu vyote vinatoka kiwandani na namba tatu. Ndiyo maana kichwa kipya hakigusi meza kabla hakijapita kwangu nikakibadilisha. Namba tatu tumewaachia wanafunzi." Akamwekea mkononi kichwa cha kijani kilichochubuka pande zote. "Huyu ndiye tatu. Atakuzoea."

Kati ya Igandu na Gulwe reli ilikuwa moja, inapita kwenye tundu la kilima kirefu cha plasta, na hapo klabu ilikuwa na mila yake. Haikuruhusiwa treni kuingia njia ile ila dereva wake ameshika mchi. Ulikuwa mchi wa kweli, wa kinu cha kutwangia vitunguu swaumu. Mwalimu Henry aliuchukua jikoni kwake kwa sababu kitu kidogo kingesahauliwa mfukoni na kupelekwa nyumbani. Kinu kilibaki kwa mkewe, naye alikuwa hajasamehe. Kwenye reli za zamani, Mwalimu alisema, dereva alipokea kitu mkononi kutoka kwa mkuu wa stesheni, na asipokuwa nacho hakuondoka hata mvua ya mawe inyeshe. Geofrey aliwahi kueleza kwamba kompyuta ingeweza kulinda njia ile vizuri zaidi. Wanachama walimsikiliza, wakapongeza, wakaendelea na mchi.

Mtihani wa udereva ulifanyika kwenye njia hiyohiyo. Unaondoka Igandu na mabehewa matatu, mchi umeubana kwapani, unatembea na treni yako hadi Gulwe, unamkabidhi mchi anayekungoja. Usisimame njiani, usirudi nyuma, usiangushe kitu. Ukishindwa mara tatu, unakaa benchini hadi mwaka mwingine.

Mara ya kwanza Mwamvua aliendesha kama anavyokanyaga cherehani yake ya sare za shule. Kwenye kona mabehewa yalilala chali shambani Makutupora. Mara ya pili alikwenda vizuri kabisa hadi Gulwe, na huko Athuman alikuwa anamsimulia mtu jinsi walivyowahi kuvuka mto Bubu wakiwa watoto, nguo kichwani. Mwamvua hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alisimama kusikiliza. Yeye alisimama, treni haikusimama; ilipita stesheni ikaenda kugonga kizuizi cha mwisho wa meza.

Mwalimu Henry aliandika sifuri hewani kwa kidole. "Mama Khalidi, imebaki moja."

Nyumbani Athuman hakuligusia jambo hilo. Mwamvua alijaribu kumvuta.

"Baba Khalidi, unaonaje, nitapita?"

"Inshallah," alisema Athuman, akazima taa.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho Athuman alizidi kuwa wa ajabu. Simu zake alikwenda kuzipokelea nje. Alikwenda stendi kuchukua kifurushi akasema ni plagi za pikipiki, na plagi hizo hazikufika dukani. Jenifa alifufua maelezo yake yote, na Mwamvua, aliyekuwa ameshaapa kutomsikiliza, alisikiliza kidogo.

Siku yenyewe ilifika. Wanachama walikunywa chai kwanza, kwa kuwa Mwalimu Henry hakutahini mtu mwenye njaa. Athuman alimaliza chai yake upesi, akarudi mezani peke yake, akainamainama nyuma ya kilima kidogo kilicho mwisho wa meza, ng'ambo ya Gulwe, kisha akajiweka sawa kwenye stesheni yake. Yeye ndiye aliyepangwa kupokea mchi. Mwamvua alimwona akitabasamu peke yake, akafikiri: huyu ananicheka.

Mwalimu Henry alimkabidhi mchi. "Bismillah, mama. Njia ni yako."

Mwamvua aliubana mchi kwapani, akabonyeza tatu, akazungusha kitufe polepole. Kichwa cha kijani kilitikisika, kikavuta mabehewa yake nje ya Igandu. Alihesabu pumzi zake. Kona ya kwanza ilipita, mahindi ya Kibaigwa yakapita, tundu la kilima likaanza kuonekana.

Hapo kule Gulwe kitu kilitokeza nyuma ya kilima. Kilikuwa kichwa cha treni, kipya, kinang'aa, rangi nyekundu na njano, hakina behewa hata moja. Kilipita mbele ya stesheni bila haraka, kikaingia kwenye njia moja ileile, uso kwa uso na treni ya Mwamvua.

"Nani anaingia bila mchi?" Mwalimu Henry alifoka. Katika klabu ile hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Watu wote waligeuka wakamtazama Geofrey, kwani yeye aliweza kuendesha treni hata kwa simu yake.

"Si mimi!" Geofrey aliweka simu mezani, akainua mikono miwili juu. "Jamani, si mimi!"

Athuman alikuwa amekakamaa. Mtu aliyeweza kuiga honi tano tofauti hakuweza kutoa sauti. Alinyoosha mkono kukidaka kile kichwa.

"Mkono mbali na meza!" Mwalimu alimkemea. Treni ikitembea hakuna mkono juu ya meza. Ilikuwa kanuni ya klabu, na Athuman mwenyewe ndiye aliyewahi kuipendekeza. Mkono ukarudi. Kichwa chekundu kikaenda zake.

Mwamvua alikuwa na mchi, na mwenye mchi ana haki ya njia. Wenzake walianza kumwambia aendelee, aliyeingia bila mchi atajijua mwenyewe. Alitaka sana kuendelea. Ilibaki kidogo tu. Lakini ndani ya kilima kile hakuna mkono unaofika, na vitu viwili vikigongana mle ndani, plasta ya miaka ingevunjwa ili vitolewe. Alipunguza mwendo kwa woga, na akaona kichwa chekundu nacho kinapunguza. Akaongeza kidogo sana, nacho kikaongeza. Hakuna mtu mwingine aliyekiendesha kitu kile. Alikuwa anakiendesha yeye.

Namba tatu, aliwaza. Kimetoka kiwandani hivyohivyo, kimeitika.

Akijua kwamba anautupa mtihani wake kwa mkono wake mwenyewe, alisimamisha. Vyote viwili vikasimama, kimoja kwenye mdomo huu wa kilima na kingine kwenye mdomo ule. Kisha akageuza kitufe, akarudi nyuma. Vikaachana taratibu, kila kimoja kinarudi kilikotoka, kama mkwe na mkwe waliokutana mlangoni. Treni ya kijani ilifika Igandu. Chekundu kilipita tena Gulwe kinyumenyume, kikajificha nyuma ya kilima chake. Na mchi ulikuwa bado kwapani mwa Mwamvua.

Wanachama walikimbilia Gulwe kuchungulia nyuma ya kilima.

"Kichwa cha nani?" aliuliza Mwalimu Henry.

"Changu," alisema Athuman. Kisha akasema, "Si changu. Cha Mama Khalidi."

"Mzee, hukunipa nikibadilishe namba?" Geofrey aliuliza, taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa kama amekunywa dawa.

"Nilitaka achague namba mwenyewe. Akifika hapa ananipa mchi, mimi nampa kichwa chake. Nilikuwa nimepanga hivyo." Athuman alijifuta jasho. "Namba tatu... nilisahau kwamba na yule wa kijani ni tatu."

Watu walianza kucheka, mmoja akaketi chini kabisa. Mwamvua hakucheka. Wiki mbili za simu za nje, plagi zisizofika dukani na maelezo ya Jenifa zilimpanda kichwani kwa pamoja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Mwalimu Henry aligonga meza. "Mtihani huu hauhesabiki. Njia haikuwa safi, na kuikagua ilikuwa kazi yangu. Tunywe chai, halafu Mama Khalidi arudie."

"Nashukuru, Mwalimu," Mwamvua alisema, akamrudishia mchi. "Leo sirudii. Leo nina kesi na mtu."

Alitoka. Athuman alichukua kichwa chekundu, akakisokomeza mfukoni kama mwizi, akamkimbilia. Bajaji zilipiga honi, Mwamvua akazipungia zipite.

"Zawadi gani inamfelisha mwenyewe?" alianza.

"Sikukusudia."

"Hukukusudia! Ungeniambia tu, 'Mama Khalidi, nimekununulia kichwa.' Maneno manne!"

"Ningekuambia, ingekuwa zawadi tena? Na wewe uliwahi mno kurudi nyuma. Ulikuwa na nafasi ya kusimama tu, mimi nikaomba ruhusa nikitoe."

"Mwalimu angekuruhusu? Kanuni umeipitisha mwenyewe!"

"Ile kanuni niliipendekeza kwa sababu ya watoto wanaokuja kuangalia, si kwa sababu yangu," alisema Athuman, na akaanza kueleza kisa cha kanuni hiyo, kirefu, chenye watu na majina yao. Mwamvua alimpinga. Athuman alimpinga anayempinga. Walipotokea barabara ya Singida walikuwa wameshahamia Kirangi, lugha ya kwao Kondoa, na wapita njia waliwapisha.

Karibu na nyumbani Mwamvua alisimama.

"Kule unazungumza," alisema. "Nyumbani huzungumzi. Nimekuja kusimama kwenye reli zenu ili nisikie sauti ya mume wangu. Unajua hilo?"

Athuman alinyamaza, na Mwamvua akaogopa kwamba yamekwisha. Kisha akasema, polepole, "Kule nina la kusema. Nyumbani nikuambie nini? Cheni za pikipiki? Bei ya tairi? Utasikiliza?"

"Uliwahi kujaribu?"

Hakuwahi. Alijaribu jioni ileile, huku wanakula. Alimweleza habari za cheni, akamweleza mto Bubu na nguo kichwani, akamweleza jinsi alivyochomelea swichi ya kwanza ikamuunguza kidole. Mwamvua alimkatiza kila mara, kwa sababu bado alikuwa na hasira, na yeye alipandisha sauti ili amalize.

Mtihani alikuja kuupita Jumamosi iliyofuata, na hapo hakuna la kusimulia: treni iliondoka, ikafika, mchi ukapokelewa. La kusimulia ni asubuhi ya Jumapili, kesho yake baada ya kesi ile. Jenifa alikuwa akimngojea bombani, uso umejaa huruma na masikio yamesimama.

"Pole, mama. Jana tuliwasikia ukutani. Mligombana sana?"

Mwamvua aliweka ndoo chini. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Tuligombana hadi saa nne," alisema, na Jenifa akashangaa kumwona anacheka huku machozi yanamtoka. "Na jioni tunaendelea."